Hakuna Kilichopotea

Maneno yale niliyaandika mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, bila kulazimishwa na mtu: hakuna kilichopotea. Yalikuwa mstari wa mwisho wa ripoti ya ukurasa mmoja, na mkurugenzi aliyapenda mpaka akaichapa ile ripoti kwa rangi na kuibandika ukutani pa mapokezi, karibu na saa. Kila aliyekuja kununua barafu aliisoma akingoja zamu yake. Mimi nilikuwa nikipita pale nikijiona nimefika.

Kampuni yetu iko Kismayo, hatua chache kutoka bandarini. Inauza barafu na mashine za boti, na inanunua samaki na kamba kwa wavuvi wa visiwani, Fuma, Chovai na vinginevyo. Mimi nilizaliwa Mombasa, wazazi wakiwa wameshakimbia vita, nikasomea kompyuta huko huko, kisha nikarudi kwenye mji niliokuwa nikiusikia kwa mdomo wa mama tu. Nilirudi na cheti na kiburi. Na mdomo ninao, wote walionijua watakwambia.

Aliyeniingiza kazini ni ami, mdogo wake baba. Alikuwa karani wa usajili tangu kampuni ilipokuwa chumba kimoja na friza mbili. Usajili wake haukuwa wa fomu, kwa sababu wavuvi wengi hawakuandika, na walioweza kuandika hawakutaka. Ami alimkalisha mtu kitini, akabonyeza kinasa sauti, akamwambia, "Haya, jitaje." Naye mtu hujitaja: jina lake, la baba, la babu, mpaka babu wa nne, kisiwa chake, msikiti anaoswali, mkewe, watoto wake mmoja mmoja, na nani apewe habari iwapo litamfika la kumfika baharini. "Mimi ni mchu wa Chovai," wengi walianza hivyo, yaani mtu wa Chovai, kwa Kibajuni chetu. Zamani alitumia kaseti, na kompyuta ilipoingia akazihamishia humo zote. Kaseti zenyewe ziliharibika kwa unyevu, zikatupwa.

Mvuvi akifa, ami alimtoa kwenye folda ya wavuvi akamtia kwenye folda nyingine aliyoiita Marehemu. Hiyo ilikuwa haifunguliwi. Haikuwa na nywila wala kufuli, ilikuwa adabu tu. Kwetu sanduku la mtu aliyekufa halipekuliwi mpaka warithi wake waje, na ile folda ilikuwa sanduku. Huwezi kuiweka sauti ya mtu aliyezikwa, au aliyekosekana hata wa kuzikwa, ukaisikiliza ovyo huku unakunywa chai. Ofisi nzima, pamoja na wale wenzangu wa mauzo wasioacha kucheka na lolote, hapakuwa na mtu aliyeigusa.

Siku moja mkurugenzi akarudi safari na jambo jipya kichwani. Akaniita. "Abaayo," akaniambia, maana ndivyo anavyowaita wanawake wote, dada kwa Kisomali, "wenzetu wote wamehamia wingu, mafaili yao yanakaa kwenye mashine za kukodi mtandaoni. Sisi bado tuna ile mashine ya nyuma inayokufa jenereta ikizima." Alisema kweli. Seva yetu ilikaa chumba cha nyuma, imekula kutu kwa hewa ya chumvi, na ilikuwa na tabia ya kulala siku ambayo watu wamejaa dirishani. Nikamwambia kuhama kunawezekana. Akasema, "Kuhama si kitu. Nataka tujue tumefaulu au hatukufaulu, na kwa kiasi gani. Karatasi moja, hata mimi niielewe. Wale wanaonunua samaki wetu ng'ambo wanataka kuiona."

Lo, nilifurahi! Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Nikakaa nikatunga vipimo vyangu. Faili linafunguka upesi kiasi gani kuliko zamani, kazi inasimama mara ngapi kwa wiki, na jenereta inapumzika kiasi gani. Wateja wanalalamika mara ngapi dirishani, nikaweka na daftari maalumu la malalamiko. Na mwisho, je, kuna kilichopotea njiani? Neno kupotea nikalieleza kwa makini, kama nilivyofundishwa: kilichopotea ni kile kilichokuwa kwenye orodha ya kuhamishwa kisha kisifike. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana aliyepanga orodha ni mimi.

Nafasi kule winguni tulikuwa tunailipia, kwa hiyo ilibidi tuhame wepesi. Nikaweka kanuni kwamba faili ambalo halijafunguliwa kwa miaka mitatu halina kazi, haliingii kwenye orodha. Kompyuta ikaniletea yaliyoanguka. Bei za barafu za enzi za mkurugenzi wa kwanza. Picha za harusi za mtu wa mauzo, mara mbili mbili. Na folda ya Marehemu, nzima, haijaguswa tangu lini sijui. Kwa kompyuta, kitu ambacho watu wanakiheshimu na kitu ambacho watu hawakitaki ni kitu kimoja, vyote viwili havifunguliwi. Kompyuta haina kosa. Mimi nilijua tofauti.

Nilijua, na naomba niliseme hili bila kulizungusha, kwa sababu nimelizungusha vya kutosha. Nilikaa nikiitazama ile folda muda wa kikombe kizima cha chai. Njia zilikuwepo. Ningeweza kuitia kwenye orodha kwa mkono, ni mbonyezo mmoja. Lakini sauti ni nzito, zingekula nafasi, na namba ya gharama niliyokwisha kumtajia mkurugenzi ingeharibika. Ningeweza basi kuzifungua moja moja, nizisikilize, nione zipi za kubaki. Nikajiambia, aa, sithubutu, ni vitu vya marehemu, si adabu. Adabu! Mimi, ninayemjibu mpaka mama yangu mzazi. Ule ulikuwa uvivu, nikauvisha buibui.

Ami alikuja mezani kwangu siku hiyo hiyo, kama aliyepigiwa simu. "Na wale wangu je?" akauliza. Hakutaja jina la folda.

"Wanahama, ami. Wote wanahama."

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema, akaenda zake kuswali adhuhuri.

Kisha mkurugenzi akaitoa ile mashine sadaka kwa madrasa, watoto wajifunzie, na mimi nikapewa kazi ya kuisafisha kabla haijatoka. Nikaisafisha kama inavyotakiwa, mara tatu, hata fundi wa wapi asiweze kufufua kitu. Hapo sikuwa mvivu.

Ripoti ilipotoka tulipikiwa pilau ya mbuzi ofisini. Vipimo vyote vilikuwa vizuri, na haikuwa uongo: mafaili yalifunguka kufumba na kufumbua, jenereta ilipumzika, daftari la malalamiko lilikuwa jeupe. Wenzangu wa mauzo walinitania kwamba nimeipandisha kampuni mbinguni bila hesabu. Ami alinishika kichwa mbele ya watu, akaniombea dua. Nilikula pilau ile nikaongeza sahani ya pili. Kabla mwaka haujaisha moyo ukamsimama, akafariki, naye anaamini watu wake wako mahali salama. Sikuwahi kumwambia.

Yule mama alikuja asubuhi ya Jumatatu, miezi michache baada ya msiba wetu. Ametoka Chovai kwa boti, kanga yake bado ina maji ya chumvi pindoni. Alimuulizia ami. Nilipomwambia ametangulia akasema innalillahi, kisha akaniuliza, "Basi vitu vyake anavyo nani?"

"Ninavyo mimi, mama," nikasema. Nilisema hivyo kwa fahari hata.

Akanieleza. Mumewe alikuwa akituuzia samaki. Bahari ilimchukua mume huyo wakati mtoto wao ana miaka miwili. Mtoto yule sasa ni mwanamume mzima, yuko Ulaya, ameomba hifadhi, na wenye nchi wamemkatalia. Wamesema si mtu wa Chovai, wamesema visiwa amevisoma kwenye simu na lugha ameiokota Mombasa, ambako ndiko alikokulia kwa khalati yake, ndugu wa mama. Amepewa nafasi moja ya mwisho kulalamika mbele ya jaji, na wakili wake anataka ushahidi. Asipoupata, atarudishwa. Kurudishwa wapi, mama mwenyewe hakujua, maana Mombasa nako hakuwa na karatasi.

"Nikakumbuka," akasema, na uso wake ukafunguka, "babake alijitaja hapa. Nilikuwepo, mtoto nimembeba mgongoni. Alimtaja mtoto wake, alikitaja Chovai, aliwataja babu zake wote. Iko humu. Nataka tu wamsikie."

Salaale! Ningesema pale pale. Mdomo huu usiokosa la kusema, ukachagua uongo.

"Mtandao uko chini leo, mama," nikamwambia. "Njoo Alhamisi."

Mtandao haukuwa chini. Tangu nizaliwe sijaona mtandao mzuri kama wa siku ile.

Akarudi Alhamisi. Nikamwambia kuna matengenezo. Akarudi wiki iliyofuata, na mara hii kaniletea zawadi, kifurushi cha ng'onda, samaki amekauka vizuri, amefungwa kwa kipande cha mkeka. "Unataabika sana kwa ajili yangu," akaniambia. Nikampokea. Nikaenda na ng'onda ile nyumbani, nikaipika kwa nazi, nikala. Wallahi nikala! Kila mara alipoondoka alisema haidhuru mwanangu, Mungu akupe wepesi. Na wiki hiyo hiyo ilikuwa zamu ya kujaza ripoti ya robo mwaka, nami nikafungua daftari la malalamiko, nikalikuta jeupe, nikaandika: malalamiko hakuna. Watu wetu wa visiwani hawalalamiki dirishani. Husema haidhuru, hushukuru, hupanda boti. Nililijua hilo tangu siku niliyokichagua kile kipimo, na ndiyo sababu mojawapo nilikichagua.

Wakati mimi ninapiga chenga, wakili alimwandikia mkurugenzi moja kwa moja. Mkurugenzi si mtu mbaya. Mwenyewe alilitafuta jina la yule mvuvi, hakuliona, akajibu kwa heshima, na nakala akaniletea mimi kwa sababu ni mambo ya kompyuta. Niliisoma nimesimama. Aliandika kwamba kampuni ilihamisha kumbukumbu zake zote kwa utaratibu unaopimika, kwamba hakuna kilichopotea, na kwamba jina la mtu huyo halimo. Ripoti yangu ameiambatisha, ile ya rangi. Yaani karatasi yangu imekwenda Ulaya kula kiapo kwamba yule mvuvi hakuwahi kuwepo.

Niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi. "Umeandika nini hiki?" nikamwambia. "Mtu huyo alikuwemo!"

"Sasa mbona hayumo?"

"Kwa sababu nilimfuta!"

Nikamwambia yote, folda, kanuni, ami, ile mashine ya madrasa. Alinisikiliza akikunja kunja ncha ya karatasi. "Abaayo," akasema, "hii hapa imeandikwa hakuna kilichopotea. Wewe ndiye uliyeandika. Uliniandikia uongo?"

"Sikuandika uongo. Niliandika ile kweli uliyoitaka."

"Usinitupie mimi. Mimi niliuliza, wewe ukajibu." Na hapo alinishinda, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamtaka aandike barua nyingine, aitie muhuri. Akakataa. Alisema wanunuzi wameshaiona ripoti, na akisema leo kwamba tulifuta watu, watauliza tumefuta nini kingine, na nyumba nyingi hapa mjini zinakula kwa kampuni hii. "Andika wewe, kwa jina lako," akasema. "Muhuri sitoi." Nikamwambia maneno ambayo mkubwa wa kazi haambiwi, nikatoka.

Yule mama alikuwa amefikia kwa binti wa dada yake, mtaa wa pili kutoka sokoni. Nilimkuta mkekani anachagua mchele. Akafurahi kuniona, akadhani nimemletea sauti. Nikakaa chini, nikamwambia yote, safari hii bila mtandao wala matengenezo.

Akasukuma ungo pembeni. "Unaniambia babake mtoto alikuwemo, wewe ukamtoa."

"Ndiyo, mama."

"Na mara ya kwanza nilipokuja ulijua."

"Nilijua."

"Na ng'onda ukala."

"Nikala."

Nilitamani anipige, ningeshukuru. Badala yake akasema, "Andika basi. Andika uliyoyafanya, tumpelekee wakili." Nikaandika pale pale kwenye mkeka. Kwamba palikuwa na folda, kwamba ndani yake mlikuwa na sauti za wavuvi marehemu wa visiwani, kwamba ami alizirekodi na mimi nimezifuta. Yote kweli. Nikaipiga picha, tukaituma kwa simu yake.

Baada ya siku mbili wakili akapiga, yuko na mkalimani, na mama akaniita nije. Tulikaa wawili mkekani, simu katikati, sauti imefunguliwa. Wakili alishukuru kwa barua. Akasema inaweza kusaidia, tena sana, ila jaji atauliza jambo moja, kwa hiyo bora aniulize yeye kwanza.

"Je, wewe mwenyewe uliwahi kuisikia sauti ya mtu huyu, akimtaja mtoto wake?"

Mama alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nikaona nafasi ya kulipa. Neno moja tu, na kijana wa watu abaki alipo. Nani angenilaumu?

"Ndiyo," nikasema. "Niliisikia."

Mama akafumba macho. Nilidhani ni kushukuru.

"Vizuri," akasema mkalimani. "Alimtaja kwa jina gani?"

Nikataja jina la kijana, lile lililoko kwenye karatasi zake, lile mama alilonipa siku ya kwanza. Nikasikia wakili na mkalimani wanasemezana kwa lugha yao. Kisha mkalimani akarudi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Akaniambia mama ameshatoa maelezo yake kwa maandishi, wiki nyingi zilizopita, na ndani yake amesema baba hakumtaja mtoto kwa jina hilo. Alimtaja kwa jina la utoto, jina la babu mzaa baba, ambalo kila mtu pale kisiwani alimwitia mpaka alipoondoka. Wakili anasikitika. Barua yangu hataweza kuitumia tena, maana shahidi akishikwa na uongo mahali pamoja, jaji anayatupa na yale ya kweli. Akatuaga kwa upole, akakata.

Kesi ilikwenda bila barua yangu, na kijana akashindwa. Hilo nililijua baadaye. Siku ile bado tulikuwa tumekaa, mimi nalia kilio cha aibu, kile kisicho na sauti, na mama ananiangalia mikono imelala mapajani.

"Nilikuwa nataka useme hujui," akaniambia taratibu. "Ungesema hujui, tungebaki na ile barua."

"Nisamehe, mama. Nilitaka kusaidia."

Mama alichukua simu, akampigia mwanawe mwenyewe, hakungoja wakili ampe habari. Alimwita kwa jina lile la utoto, ndipo nilipolisikia mara ya kwanza. Akamwambia kwa Kibajuni, bila kupandisha sauti, kwamba yule msichana hakumsikia babake. Hapana, hakuna mwingine aliyemsikia. Yule karani amekufa. "Nimebaki mimi tu niliyemsikia," akasema, "na mimi ni mamako, mimi hawanihesabu."

Akasikiliza kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akaniletea simu. "Anataka kusema nawe."

Nikatikisa kichwa. Akazidi kuisogeza, mimi nikazidi kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Simu ikabaki hewani mkononi mwake, na ndani yake kijana anaita, "Haloo? Haloo, dada? Unanisikia?" Aliita hivyo mara nyingi, mpaka mama yake akaikata.